Mikia Niliyoificha

Amagoro, Jumapili jioni

Mwanangu,

Najua utacheka kidogo ukiona nimeanza hivyo, halafu utaacha kucheka. Lakini wewe ndiye uliyeanza. Nilipozaliwa ulinipa jina la mama yako, Nabwire, ambaye mlikuwa mmemzika Butula mwaka mmoja tu kabla yangu, na kwa desturi yetu ya Kimarachi ukaanza kuniita Mama kabla sijajua kukaa. Ukileta mkate unasema, Mama, mkate wako. Ukichelewa kurudi, shangazi wanakuambia mama yako amenuna, nenda umwombe msamaha, na wewe unakuja kweli, unapiga goti mbele ya mtoto wa miaka minne huku watu wakishika mbavu. Miaka kumi na minane nimekuwa mama yako kwa mzaha. Leo naomba cheo hicho bila mzaha, kwa barua moja tu, kwa sababu nina jambo ambalo nikibaki binti yako siwezi kulisema. Nimejaribu wiki sita. Ulimi unakwama.

Nilijaribu kwanza kuliandika kwa Kiingereza, kwa vile ndicho nilichofanyia mitihani. Nikaandika ukurasa mzima. Nilipousoma nikaona ni ile barua tuliyofundishwa shuleni, ya kuomba radhi kwa heshima bila kutaja kosa lenyewe. Nikaichana. Kiswahili ndicho tunachogombania nacho nyumbani, basi na iwe Kiswahili.

Saa hii umeenda kuaga watu wa kanisa, na mama yangu, yaani mkeo, yuko sokoni anakutafutia vitu vya safari. Kesho unaenda Kitale kushika geti kwenye stoo ya mahindi ya shemeji yako. Sitakuambia ubebe sweta wala usilale na nguo zenye unyevu. Mkeo atayasema hayo mara saba kabla ya uji. Mimi nataka kukuambia kwa nini unaenda.

Wewe unasema unaenda kwa sababu macho yamekwisha. Bosi Emuria anasema hivyo hivyo, na madereva wote wa Malaba wamelibeba neno hilo mpaka Tororo. Mwanangu, macho yako hayana kitu. Mimi nililijua hilo tangu siku ya kwanza, nikanyamaza.

Ngoja nianzie mbali kidogo ili nisije nikajipendelea.

Ulianza kazi kwa Bosi Emuria wakati karatasi za lori zilikuwa karatasi kweli. Uliandika kwa mkono, ule mwandiko wako unaolala upande mmoja kama mahindi baada ya upepo, na madereva wa Uganda walikuwa wanasema, ssebo, yaani bwana, karatasi ya huyu mzee hata afisa wa forodha anaisoma bila kuuliza swali. Halafu kila kitu kikaingia kwenye kompyuta, na wewe ukiwa na miaka hamsini na kitu ukaanza kujifunza kushika mausi. Nani alikufundisha? Mimi. Kila likizo ya shule, pale kwenye meza ya dirishani inayotazama foleni ya malori. Ulikaa wima kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilikupenda sana siku zile, na nilikuonea haya pia. Yote mawili kwa pamoja. Hilo la pili ndilo lililotuleta hapa.

Ulikuwa na kosa moja ambalo halikutaka kuisha. Kila faili kwenye kompyuta ina jina, halafu nukta, halafu herufi chache za mwisho zinazosema hiki ni kitu cha aina gani. Kitabuni wanaziita kiendelezi. Pale ofisini mliziita mkia. Docx ni barua ya kuandika, pdf ni karatasi iliyokwisha kuandikwa, na kadhalika. Wewe ulipobadilisha jina la faili ulifuta kila kitu, hata mkia, ukaandika jina jipya kwa unadhifu wako: Ankara ya Mteja wa Mbale. Basi. Ulisema jina la kitu cha heshima haliwezi kuishia na takataka. Mashine ilikuuliza kama una hakika, nawe ukajibu ndiyo, kwa sababu kweli ulikuwa na hakika. Faili ikageuka kijikaratasi cheupe kisichojua kifunguliwe na nini.

Haikuwa imeharibika. Ukiirudishia mkia inafunguka. Lakini Brayo, yule kijana wa meza ya pili, alipata mchezo.

"Mzee amekata mkia tena," akasema siku moja ofisi imejaa. "Jameni, hii ni ofisi ama bucha?"

Madereva walicheka mpaka mmoja akatoka nje kukohoa. Wewe ulicheka nao. Mimi nilikuwa nimekaa kando yako na sikucheka. Nilikuwa naangalia meza. Unanijua, mimi ni yule mwanafunzi ambaye kwa miaka minne ya sekondari hakuinua mkono hata siku alipojua jibu. Nilitaka kumwambia Brayo afunge mdomo. Badala yake nilisubiri utoke kupeleka karatasi zipigwe mhuri, nikavuta mausi yako, nikaenda pale juu palipoandikwa View, nikaondoa tiki kwenye kisanduku kimoja kidogo. Mikia yote ikatoweka kwa mpigo, kama panya taa ikiwashwa. Majina yakabaki matupu na masafi, vile ulivyoyapenda.

Nilijiambia nakusaidia. Mkia usioonekana haukatiki, na hilo ni kweli. Lakini si ukweli wote. Sikutaka tena kuwa binti wa mzee anayechekwa, na kuficha mikia kulikuwa rahisi kuliko kufungua mdomo.

Jioni ile uliniuliza, kwa ile sauti yako ya kutotaka kusumbua, "Mama, ile mikia imeenda wapi?"

Nikasema, "Kompyuta imejisasisha, Baba. Siku hizi haionyeshi."

"Sawa, Mama," ukasema, ukaenda kuosha miguu.

Hapo ndipo ningependa kurudi, kama mtu angeweza kurudi. Kuficha mikia ungeweza kunisamehe kama utoto. Lakini uliniuliza swali la mtu mwenye akili, swali lililostahili jibu, na mimi nikakupa uongo mdogo uliokaa vizuri. Ungeambiwa ukweli ungesema, rudisha, Mama, nitajifunza kutoikata. Nakujua. Ungejifunza.

Sasa kumbuka kadi. Mwezi mmoja kabla ya hapo Bosi Emuria aliwakusanya nyote akawaambia kuna ofisi pale mpakani zimeingiliwa na virusi kupitia barua pepe. Akawaambia neno moja: angalieni mwisho wa jina, kama si pdf, msifungue. Wengine waliitikia wakarudi kwenye simu zao. Wewe ulichukua kadi, ukaandika kwa mwandiko wako mzuri, ANGALIA MWISHO, ukaibandika kwenye pembe ya skrini. Ni wewe peke yako ofisi nzima uliyeifanya amri ile kuwa yako. Na mimi nilipoificha mikia, kadi ile ilikuwa inanitazama. Ilikuwa inakuambia uangalie kitu ambacho nilikuwa nimekiondoa. Sikuunganisha mambo. Nilikuwa na haraka ya kuondoa aibu yangu.

Siku yenyewe mimi nilikuwa nyumbani, kwa hiyo nasimulia kama ulivyonisimulia. Barua pepe ilikuja kama ya mteja wenu wa Tororo, mwenye malori ya mananasi, ikiwa na faili moja iliyoitwa orodha ya mizigo. Hukukurupuka. Uliegemea mbele ukasoma jina mpaka mwisho. Liliishia na pdf. Ukaniambia jioni ile, na sauti yako ilikuwa bado ya mtu anayesimulia jambo la kweli: "Mama, niliifurahia hata. Zile nyingine zote siku hizi hazina mkia. Nikasema angalau hii imekuja na jina lake kamili."

Nilipolisikia hilo nilielewa yote papo hapo. Jina lake kamili lilikuwa orodha ya mizigo, nukta, pdf, nukta, exe. Exe si karatasi. Ni programu, kitu kinachoanza kazi mara tu ukikifungua. Mashine, kwa amri yangu, ilificha mkia wa mwisho wa kila faili. Karatasi zako za kweli zikabaki bila mkia, na ile ya mwizi, kwa kuwa ilikuja na miwili, ikabaki na ule wa bandia. Katika skrini yako nzima, kitu pekee kilichoonekana kimefuata sheria kilikuwa ule uongo. Uliangalia mwisho. Ulitii kadi yako.

Mengine yote ya siku zile unayajua kuliko mimi. Faili za miaka zikafungwa na kirusi kile, kila moja, zisifunguke tena. Bila karatasi, malori yakasimama. Mananasi yakaanza kuchuruzika, barabara ikanata, nzi wakawa wengi mpaka mama wa chai akahamisha jiko lake. Siku ya pili nilikuletea chakula cha mchana, nikafika mlangoni wakati yule fundi wa kompyuta kutoka Busia ameshaleta laptop yake na kuishushia ile barua pepe. Nilisimama pale na kontena la chakula mkononi. Hukuniona. Nilisikia yote.

Fundi aligeuza laptop yake kwako, akaweka kidole kwenye skrini. "Mzee, hii hapa. Exe. Hata mtoto wa nasari anaiona. Wewe uliona pdf wapi, ndotoni?"

Ukasema, "Niliona pdf."

"Iko wapi sasa?"

"Hapo naona zote mbili. Kwangu niliona pdf. Iliishia hapo."

Bosi Emuria alikuwa na watu watatu mezani wanaompigia kelele kuhusu mananasi, na hakugeuza hata kichwa. "Mzee, mimi nina hasara ya kutosha. Usiniongezee na uongo."

Miaka yote ile, mtu hajawahi kukuita mwongo, na hapo uliitwa mbele ya madereva ambao ulikuwa unawaandikia karatasi tangu wakiwa matanboi, wasaidizi tu wa lori. Nilikuwa hatua nne kutoka kwako. Sentensi yangu ilikuwa fupi: mimi ndiye niliyeficha mikia. Maneno manne tu. Nilifungua mdomo, ukatoka upepo. Nikaweka chakula chini karibu na mlango kama mtu anayemwekea mbwa, nikaondoka. Mpaka Amagoro nilitembea kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nayarudia maneno yale manne kwa sauti nzuri kabisa, nikiwaambia nyasi.

Jioni uliporudi ulikuwa umepata jibu lako. Ulituambia wewe na Bosi mmeelewana: ni macho. Wewe ndiye uliyesema kwanza, basi labda ni macho, na Bosi akalidaka lile neno kama mtu aliyerushiwa kamba mtoni. Ndiyo hivyo, Mzee, ni macho, hata hatukulaumu, ni umri. Akakupa mkono wa kuagana. Ukamshukuru. Ulituambia ulimshukuru!

Mwanangu, hapo nina hasira na wewe pia, na kama mama nina haki nayo. Walikuwekea mambo mawili mezani, uwe mwongo au uwe kipofu, na wewe kwa upole wako ukachagua lile lisilomkera mtu. Hakuna aliyefikiri kuna la tatu: kwamba wewe ni mkweli na unaona vizuri, na kitu chenyewe ndicho kilichofichwa. Hata wewe hukulifikiri. Miaka hamsini na saba umeyatumia macho hayo, umesoma nayo mihuri iliyofifia na masomo yote ya Jumapili, na kijana mmoja na laptop akakufanya uyakane kwa dakika tano.

Ulipoenda Busia ukanunua miwani kwa yule muuzaji wa kando ya barabara, uliyojaribu moja moja mpaka moja ikakubali pua yako, mimi nilikuwa nakutazama ukirudi nayo. Ulikuwa unanyanyua miguu juu sana kama mtu anayevuka mfereji. Ukaniuliza kama inakukaa vizuri. Nikasema ndiyo. Nikakuona baada ya siku mbili unaiinua juu ya paji la uso ili usome gazeti. Wewe mwenyewe hukugundua. Nilienda nyuma ya jiko nikalia, halafu nikarudi nikakuuliza kama unataka chai.

Na Jumapili ile ulipompelekea padri kitabu cha masomo, ukamwambia atafute msomaji mwingine mwenye macho. Kanisa zima lilikuhurumia. Akina mama walikushika mkono mlangoni. Mimi nilikuwa benchi ya tatu, nimevaa gauni la bluu, naujua ukweli wote, na niliimba nyimbo zote.

Sijui kama unaweza kusoma hayo na bado uendelee kusoma. Endelea tafadhali.

Baada ya hapo nilianza kusoma kuhusu jambo hili kwenye simu, usidhani nilikuwa nachezea simu tu. Nikagundua kitu kilichonichemsha damu. Kumbe mimi sikufanya jambo geni. Mashine mpya zinatoka kiwandani mikia ikiwa imefichwa tayari. Aliyewawekea ninyi kompyuta za ofisi mara ya kwanza ndiye aliyeifanya mikia ionekane. Mtu fulani, mbali huko, ambaye hajawahi kuona Malaba, alikaa akaamua kwamba watu kama wewe hamhitaji kuona jina lote la kitu mlicho nacho mkononi. Ati linawachanganya. Ati mtalikata. Na sababu yake ni ile ile yangu! Alitaka mambo yaonekane masafi, na hakutaka kukaa na mtu polepole amfundishe.

Hapa mpakani sisi hatuishi hivyo. Trela likija limeandikwa saruji kwenye turubai, nani anaamini turubai? Linafunguliwa. Dereva anaweza kunung'unika mpaka jua lizame, litafunguliwa. Hakuna afisa anayeambiwa, funika hiyo, usije ukachanganyikiwa. Lakini mbele ya kompyuta wewe mzee wa kazi ulipewa turubai tupu, halafu turubai lilipodanganya ukaulizwa kwa nini hukuona ndani.

Na yule fundi! Unajua kwa nini yeye aliona exe? Si macho ya ujana. Mafundi wenyewe hawakubali kufichwa. Kitu cha kwanza anachofanya akipata mashine ni kurudisha mikia ili aione. Halafu anakuja kwa mtu aliyefichwa, anamwuliza mbele ya watu kama aliona ndotoni. Hakuuliza mashine yako ilikuwa imewekwaje. Aliifuta yote akaanza upya, na ushahidi wako ukaenda na uchafu.

Lakini sitajificha nyuma ya kiwanda. Kwenye mashine yako mikia ilikuwa inaonekana, na mkono ulioificha ni huu unaoandika.

Jumanne iliyopita nilienda kwa Bosi Emuria. Nilienda bila kukuambia, nimevaa sare yangu ya zamani ya shule sijui kwa nini, labda nilitaka nionekane mdogo. Nilimwambia. Sauti ilikuwa ndogo mpaka akaniambia nirudie, kwa hiyo ilibidi nikiri mara mbili. Alinisikiliza. Si mtu mbaya, aliniletea kiti. Halafu akafunga mlango.

Akasema, "Binti, mambo haya yamekwisha. Mzee mwenyewe amekubali ni macho. Ukimwambia sasa utampa nini zaidi ya uchungu?"

Nikamwambia utapata macho yako. Akatabasamu kama mtu aliyesikia mtoto akisema neno zuri. Akaniambia wateja wake wameshaelezwa kwamba ni macho ya mzee, na wameelewa, macho ni jambo la Mungu. Sasa aende awaambie nini, kwamba mtoto wa shule alikuwa anachezea mashine za ofisi na yeye hakujua? "Mlinde baba yako," akasema. "Nyamaza."

Mlinde baba yako. Neno hilo nimelala nalo siku tano. Mtu anakuchukulia jina lako, analitumia kufunika jina lake, halafu ananiambia mimi nikulinde. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba nililitambua neno lile. Ni langu. Ndilo nililojiambia siku ile nikiwa nimeshika mausi: namlinda.

Nilipotoka Bosi alikuwa kwenye simu, na Brayo akanivuta kando. Alikuwa amesikia, ukuta wa ile ofisi ni mbao. Nilidhani atanitania. Akaniambia tu, bila kuniangalia, "Siste, hata mimi kwangu mikia haionekani tangu fundi aweke upya. Wiki jana nilikaribia kufungua kitu." Akakuna shingo. "Nilimchoma sana mzee na ile ya bucha."

Nikamwomba niketi kidogo kwenye meza yako. Kuna msichana mpya anayeitumia lakini alikuwa ameenda kula. Nikaangalia. Majina yote yalikuwa matupu, vile vile nilivyoyaacha. Unaweza kuamini? Baada ya nzi wale wote na aibu ile yote, ofisi imerudi kukaa kwenye shimo lile lile, kwa sababu walishaamua tatizo lilikuwa wewe, na wewe umeshaondoka.

Sikurudisha tiki. Mkono ulitaka. Lakini nimeshagusa mashine ile kwa siri mara moja, na sitaigusa tena kwa siri.

Kwa hiyo sikiliza ninachokuomba, na hapa ndipo uniazime ule umama kabisa. Gari la Kitale linapakia Malaba kuanzia saa nne. Ofisi inafunguliwa saa mbili, na saa hiyo ndiyo madereva wanapojaa kuulizia karatasi. Tutapita pale kwanza, mimi na wewe. Nimemwambia Brayo na amesema meza itakuwa wazi. Bosi hajui. Akikasirika atakasirika mbele ya watu, kama alivyokufanyia wewe.

Nitatengeneza faili moja isiyo na madhara, niipe mikia miwili. Nitarudisha tiki mbele yao, niionyeshe na mikia yote miwili, kila mtu aisome. Halafu nitaondoa tiki mbele ya macho yao, na wasome tena. Nitamwuliza dereva yeyote asiyenijua aniambie kwa sauti jina linaishia wapi. Kisha nitasema ni nani aliyeficha, na lini, na kwa nini. Nitasema na lile la aibu. Nikikwama, usinisaidie. Kaa kimya unisubiri, hata kama ni dakika tano. Nitalitoa.

Huenda Bosi asikurudishie kazi. Faili hazitarudi kwa maneno yangu, na ile meza ina mtu. Siwezi kukuahidi kitu nisicho nacho. Pia unaweza kunikasirikia, kesho au mwaka mzima. Nakuomba hata ukasirike, kwa sababu tangu siku ile hujakasirikia mtu yeyote isipokuwa macho yako, na hayakukosa.

Barua hii sitaiweka kwenye begi lako uisome ukiwa umefika mbali. Nilifikiria kufanya hivyo; ndivyo mtu kama mimi angefanya. Nasikia lango. Ni wewe, unaongea na jirani. Nitakupa mkononi ukiingia, kabla ya chakula, na nitakaa kwenye kiti kilicho mbele yako mpaka umalize ukurasa wa mwisho.

Baada ya kesho, ukitaka kwenda Kitale, nenda ukashike geti. Lakini uende kwa sababu umependa kwenda, na ukijua kwamba siku ile uliona ulichokiona.

Anayekungoja hapa mezani,
Nabwire